Umeongeza nguvu za gari? Usinunue klachi ya kuringia

Ijumaa moja jioni rafiki yangu alinipitia Roysambu na mchuma wake, gari dogo la turbo lenye gia za mkono. Alikuwa ametoka tu gereji, ambako programu ya kompyuta ya injini ilikuwa imebadilishwa na presha ya turbo kupandishwa. Tulipoingia Thika Road akaweka gia ya nne, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mshale wa RPM ukaruka, lakini gari likabaki na mwendo uleule. Kisha ikaja harufu ya kitu kinachoungua.

"Buda, turbo imekufa," akasema.

Turbo ilikuwa nzima kabisa. Klachi ndiyo ilikuwa imesalimu amri.

Klachi ndiyo hushikanisha injini na giaboksi. Pleti yake hubanwa kwenye flaiwili kwa nguvu za springi, na klachi ya kiwandani hubana kwa kiasi kinachotosha injini ya kiwandani, na akiba kidogo juu. Ukiongeza toki, yaani ile nguvu ya kuzungusha, pleti huanza kuteleza. Kuteleza huzaa joto, na joto huimaliza pleti.

Hapo ndipo rafiki yangu alipokosea. Aliuliza klachi kali kuliko zote, akauziwa ya seramiki iliyoandikwa "Steji 3". Alilipa akiba yake yote.

Kumbe hizo nambari hazina kipimo kimoja. Steji 3 ya kampuni moja yaweza kulingana na Steji 2 ya nyingine. Si kama steji ya matatu ambayo kila mtu anajua iko wapi. Kabla hujatoa doo, uliza klachi inahimili toki kiasi gani.

Na wewe ujue ya gari lako. Lipeleke kwenye daino, ile mashine ya kupima nguvu. Tuseme injini yako inatoa Nm 450. Klachi inayohimili karibu Nm 550 inakutosha. Kumbuka pia kwamba daino nyingi hupima kwenye magurudumu, kwa hivyo injini yenyewe inatoa zaidi kidogo ya unachosoma.

Swali la pili: unaendesha wapi? Pleti ya oganiki hushika taratibu na haisumbui kwenye jam, ila haipendi joto kali. Ya Kevlar hudumu, lakini inataka subira wakati wa kuizoesha, na ukiichoma mapema hupoteza mshiko. Ya seramiki hustahimili joto na hushika ghafla, kwa hivyo gari huruka kama chura kila foleni inaposogea. Hiyo waachie wa mashindano. Presha pleti kali nayo hufanya pedali kuwa nzito. Dakika arobaini kwenye foleni ya Waiyaki Way, mguu wa kushoto utakueleza.

Kwa gari la kwenda kazini Jumatatu na kutamba wikendi, wengi hutoshwa na pleti ya oganiki yenye springi katikati, pamoja na presha pleti iliyoongezwa nguvu. Springi hizo hupunguza mshtuko unaoingia kwenye giaboksi. Kama toki imepanda sana, kuna klachi za pleti mbili, ambazo hushika zaidi bila pedali kuwa nzito mno. Bei yake lakini si mchezo.

Mshtuko huo si jambo dogo. Klachi inayoteleza hupunguza kishindo. Ukiweka isiyoteleza kabisa, kishindo chote huhamia kwenye meno ya gia. Ndiyo maana wenye Subaru WRX za zamani za gia tano huambiwa wawe waangalifu, kwani giaboksi yao haina uimara wa ile ya gia sita ya STI.

Fundi akishateremsha giaboksi, maliza kazi yote. Badilisha beringi ya klachi, flaiwili isawazishwe kwenye mashine, na sili ya oili ya injini ikaguliwe, kwa sababu oili ikigusa pleti mpya umerudi ulikotoka. Kisha endesha kwa upole takriban kilomita 800 za mjini, bila kuondoka kwa kishindo. Fuata kipimo cha mtengenezaji kama ni tofauti.

Rafiki yangu hakusubiri hata wiki. Aliondoka kwa fujo kwenye taa, mara mbili, mara tatu. Mwezi wa pili gia ya tatu ikavunjika meno. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Siku hizi ana klachi ya oganiki na gari linakwenda vizuri. Deni la giaboksi bado analipa.