Injini ya Peugeot isiishie kuwa sufuria

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Aghalabu msemo huu hutumiwa kuwakanya vijana waliosahau lugha na desturi za wazazi wao. Leo nauelekeza kwa jambo ambalo huenda likamchekesha msomaji, nalo ni injini ya gari kuukuu.

Apitaye Nyeri, Karatina, Othaya au Nanyuki bado hakosi kuona gari la Peugeot, ama 404 ama 504, limesimama nyuma ya nyumba ya mzee fulani, kando ya mikahawa au zizi la ng'ombe. Mengine yameota nyasi hadi madirishani. Lakini miaka hii pamezuka watu, wengi wao wakiwa watoto na wajukuu wa wenye magari hayo, wanaotaka kuyafufua. Hulipiga gari rangi, hushona viti upya na kung'arisha bampa. Wanapofungua boneti, ndipo mashaka yanapoanza. Injini imechakaa, spea hazionekani madukani, na ushauri wanaopewa na mafundi wengi ni mmoja tu: ng'oa hiyo, tia ya Kijapani.

Ushauri huo una sababu zake, nami nitazieleza kwa haki. Hata hivyo, naamini kwamba katika hali nyingi ni ushauri wa haraka mno, na kwamba unatupotezea kitu ambacho eneo letu la Mlima Kenya litakijutia.

Tuanze na historia. Peugeot 404 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1960, na 504 ikafuata mwaka wa 1968. Magari hayo yaliingia Kenya kwa wingi, na kwa miaka mingi yaliunganishwa humu humu nchini. Mzee Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu mwaka wa 1973 kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi iliyokuwa ikihitajika, pikapu za Peugeot zilizofunikwa nyuma na kutiwa mabenchi ya kutazamana zilikuwa miongoni mwa magari yaliyoibeba biashara hiyo mashambani. Zile za kubebea familia nazo ziligeuka teksi za safari ndefu kati ya miji yetu na Nairobi. Kahawa, viazi, kabeji, wanafunzi, wagonjwa na hata majeneza, vyote vilipanda na kushuka vilima vyetu juu ya magurudumu hayo. Kanuni za Februari 2004, zilizosimamiwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilipolazimisha mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, pikapu hizo zilizidi kutoweka katika kazi ya abiria.

Sifa za gari hilo hazikutokana na uvumi. Katika mashindano ya Safari ya mwaka wa 1963, magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mshindi alikuwa Nick Nowicki, na msaidizi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mwaka wa 1968 mvua na matope viliwashinda wengi tena. Kati ya magari 93 yalifika 7, na washindi wakawa watu wale wale katika gari la aina ile ile. Gari lililoweza hayo halikushindwa na barabara ya Mukurwe-ini wakati wa masika.

Msomaji atauliza, siri ilikuwa nini? Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya injini yenyewe. Injini ya 404, yenye ujazo wa sentimita 1,618, imelazwa kwa pembe ya digrii 45 na ina silinda nne. Kila silinda ni slivu, yaani mrija wa chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, nayo slivu hiyo haikuundwa pamoja na bloku. Imechomekwa tu, na maji ya kupoza huizunguka moja kwa moja. Injini ya 504 ilifuata mtindo huo huo. Maana yake ni kwamba silinda zikilika, fundi hahitaji kupeleka bloku nzima kwenye mashine kubwa ya kuchonga. Huzivuta slivu za zamani, akatia mpya pamoja na pistoni na ringi zake, na injini ikarudia ujana wake. Fundi wa jua kali, chini ya mti, angeweza kuikamilisha kazi hiyo kwa vyombo vichache.

Vyombo vichache havimaanishi ujuzi mchache. Slivu lazima ichomoze juu ya uso wa bloku kwa kipimo kidogo sana, kadiri ya unene wa unywele. Ikizama, gasketi haishiki na maji yanaingia kwenye oili. Ikizidi, au moja ikiipita nyingine, hedi haikai sawa. Hedi yenyewe ni ya alumini, madini yanayopinda upesi yakipata joto kupita kiasi. Fundi aliyeijua kazi yake alipima, akasafisha kutu na magadi ndani ya njia za maji, akakaza bolti kwa utaratibu kuanzia katikati kuelekea nje, na akamwonya mwenye gari juu ya rejeta inayovuja.

La kusikitisha ni kwamba sehemu nyingi za asili hazikufa kwa uzee. Ziliuawa kwa kutoeleweka. Chukua mfano wa feni. Peugeot 404 ilikuwa na feni yenye sumaku ya umeme, ambayo ilizunguka injini ilipopata joto na kupumzika ilipopoa. Waya wake ulipokatika au kaboni ilipolika, wengi waliona heri kuifunga izunguke daima. Gari lilikwenda, ni kweli, lakini likipoteza nguvu na kula petroli zaidi. Ama chukua kabureta. Nyeri iko takribani mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki iko juu zaidi. Hewa ya huku ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani humimina petroli kuliko inavyofaa. Moshi mweusi ukionekana, injini husingiziwa kuwa imekufa, kumbe inadai tundu dogo zaidi la petroli na mkono wa mtu anayejua.

Sasa niwape haki wapinzani wangu. Mkulima wa Othaya anayetegemea pikapu yake kupeleka maziwa kila alfajiri hana nafasi ya kungoja slivu zitafutwe Nairobi katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, wala zitoke ng'ambo. Injini ya Kijapani iliyotumika hupatikana upesi, spea zake zimejaa kila mji, na kila kijana wa gereji anaijua. Kwa mtu kama huyo, gari ni jembe, na jembe hubadilishwa mpini bila matanga. Simlaumu hata kidogo.

Lakini anayelifufua gari ili alihifadhi hayumo katika dhiki hiyo. Yeye ametangaza kwamba anataka la kale. Akitia injini ngeni atakuwa amehifadhi ganda na kulitupa yai. Huko Marekani, wapenzi wa magari yenye nguvu ya miaka ya 1960, kama vile Ford Mustang na Chevrolet Camaro, hulithamini zaidi gari ambalo injini yake ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Kwetu pia cheti cha kumiliki gari huonyesha nambari ya injini pamoja na ya fremu, na anayebadilisha injini anapaswa kuwaarifu wasimamizi ili kumbukumbu zirekebishwe. Aidha, sheria za Kenya kwa kawaida hukataza kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri uliozidi miaka 8. Basi tusitarajie meli ituletee Peugeot 404 nyingine. Yaliyopo vijijini ndiyo akiba yetu, na akiba haiozi isipoachwa kwenye mvua.

Juu ya yote hayo kuna hazina ya watu. Mafundi waliojifunza kazi kwa kuzifungua injini hizi sasa ni wazee. Ujuzi wao haukuandikwa. Umo masikioni, wanapoitambua vali iliyolegea kwa mlio, na umo vidoleni, wanapoigusa beringi na kujua imebakiza safari ngapi. Kila injini inayotupwa humnyima mzee huyo somo la kumfunzia kijana. Ikiwa vijana watajua tu kutoa kilichoharibika na kukitia kingine kilichonunuliwa, tutakuwa na mafundi wa kubadilisha, na wa kutengeneza watakuwa wamekwisha.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwenye gari asitupe chochote kabla ya kupima. Krankishafti iliyolika yaweza kusagwa na kutiwa beringi za saizi inayofuata. Hedi iliyopinda kidogo yaweza kunyooshwa kwa mashine. Kitakachong'olewa kiandikwe jina na kihifadhiwe pamoja na gari. Pili, asili isigeuzwe kuwa ushupavu. Mipira ya breki, mikanda na mabomba ya maji ni vitu vya kulika, na usalama hauna mjadala. Tangu mwaka wa 2006 petroli ya Kenya haina madini ya risasi, ambayo yalilinda vali za injini nyingi za zamani. Kutia viti vya vali vya chuma kigumu panapohitajika ni kuirefushia injini maisha, wala si kuisaliti. Tatu, vyuo vya ufundi vya Nyeri na miji jirani viweke walau injini moja ya Peugeot juu ya meza, na viwaalike mafundi wazee kuifungua mbele ya wanafunzi, kwa malipo ya heshima. Serikali yenyewe imeanzisha utaratibu wa kuutambua ujuzi wa waliojifunza kazini bila vyeti. Mahali pazuri pa kuuanzia ni hapo.

Muda wenyewe ni mfupi. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu hupita vijijini na mizani, na kwao bloku ni kilo tu. Hedi ya alumini huenda ikayeyushwa na kumwagwa katika kalibu, ikatoka sufuria. Sufuria ni chombo cha maana jikoni, wala siidharau. Lakini sufuria tutazipata siku zote. Kabla hujakubali bei ya mwenye mizani, ewe uliyerithi gari la babako, mwite kwanza fundi mzee wa mtaani mwako aifungue injini hiyo, na umwite na mwanao aje atazame.