Kabla Hujaiwasha: Kweli na Si Kweli Kuhusu Mashine za Maabara ya Chuo

Kijana anayetoka Marambo, Nachingwea, au kwa jirani zao wa Ruangwa, akifika chuo kikuu kusoma kilimo, kemia au jiolojia, hukuta jambo ambalo sekondari halikuwepo: mashine moja inayogombewa na idara kadhaa, fundi sanifu mwenye funguo, na fomu ya kusaini kabla ya kugusa chochote. Maneno ya mabwenini kuhusu funguo hizo ni mengi. Tuyapime.

“Fundi sanifu anabania mashine kwa roho mbaya.”

Si kweli, ingawa roho mbaya hazikosekani popote. Chukua kipimo cha sumukuvu kwenye karanga. Kiwango kinachotumika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kila kilo, na 5 kwa ile aina ya B1 iliyo kali zaidi. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mashine ya kromatografia inayosoma kiasi kidogo hivyo husukuma kimiminika kwa nguvu kupitia bomba jembamba lililoshindiliwa chembe laini. Humo vitu hutengana, kila kimoja kikatoka kwa wakati wake.

Sasa mtumiaji wa asubuhi amepitisha sampuli yenye sumu nyingi, hakusafisha bomba, akaenda kula. Wa mchana analeta karanga safi, mashine inamsomea sumu. Hakuna kengele inayolia wala taa nyekundu inayowaka. Namba inatokea kwenye kioo, nzuri kabisa, yenye desimali zake. Anaiandika kwenye tasnifu kwamba karanga za kijiji fulani hazifai kuliwa, kumbe sumu ile ni ya sampuli ya mwenzake. Kwa hiyo somo la kwanza la mafunzo huwa ni kupitisha sampuli tupu, isiyo na karanga ndani yake, kuona kama mashine inasoma sifuri kabla ya kuiamini. La pili ni kusukuma maji ya kutosha mwishoni, maana chumvi iliyomo kwenye baadhi ya vimiminika hivyo ikikaukia ndani huziba bomba, na bomba jipya huagizwa nje.

Fundi anayekudai cheti cha mafunzo anamlinda mtu ambaye hujawahi kumwona: yule atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako.

“Vifaa vidogo havihitaji mafunzo.”

Si kweli, na hapa ndipo hasara nyingi hutokea, kwa sababu hakuna anayeogopa kifaa cha mezani. Kipima pH kina ncha ya kioo ambayo lazima ikae kwenye mmumunyo wa chumvi ya potasiamu. Ukiiacha ikauke, au ukiitumbukiza usiku kucha kwenye maji yasiyo na chumvi, itaanza kusoma kwa kuyumbayumba. Kabla ya kazi hurekebishwa kwa mimumunyo inayojulikana, kwa kawaida ya pH 4, 7 na 10.

Mkulima wa korosho ana haki ya kuuliza: kuyumba kidogo kuna ubaya gani? Mizani ya pH haiendi kwa hatua sawasawa. Kipima kikikosea kwa 0.3 tu, tindikali imesomwa mara mbili ya ilivyo, au nusu yake. Kusini mashamba mengi yamepuliziwa salfa kwa miaka mingi kupambana na ubwiriunga, na salfa hiyo huongeza tindikali ardhini. Ushauri wa kuweka chokaa hutegemea kipimo hicho. Nachingwea haihitaji kukumbushwa gharama ya kulima bila kuijua ardhi. Mradi wa karanga wa Waingereza uliofika hadi hapo, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulipangwa baada ya ziara ya wiki tisa ambayo sehemu kubwa ilifanyika kwa ndege.

“Nilishafunzwa chuo kingine, kwa hiyo nimeruhusiwa.”

Nusu kweli. Elimu unahama nayo, ruhusa huhami nayo. Mashine mbili za kazi moja hutofautiana programu, gesi na hata swichi ya dharura ilipo. Mwenye uzoefu kwa kawaida hupewa mafunzo mafupi na kusimamiwa mara ya kwanza. Anayekataa hayo mafupi ndiye hunitia wasiwasi.

“Kitabu cha kumbukumbu ni urasimu.”

Si kweli. Sentrifuji huzungusha sampuli kwa kasi kubwa mno, na rota, yaani sehemu inayozibeba, huchoka kila inapozungushwa. Watengenezaji huweka kikomo cha miaka au cha mizunguko. Uchovu huo hauonekani kwa macho. Unajulikana kwa kuhesabu tu, na hesabu iko kwenye kile kitabu unachoruka kukijaza. Desemba 1998, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, rota ya sentrifuji ya kasi ilipasuka kazini na kuharibu chumba. Bahati njema hakuna aliyeumia.

“Mashine ya eksirei ikizimwa haina mionzi.”

Kweli. Bomba la eksirei hutoa mionzi likiwa na umeme tu, tofauti na vyanzo nunurifu ambavyo havina swichi. Anayepima madini ya kinywe ya Ruangwa kwa mashine hiyo asiogope kupita karibu nayo ikiwa imezimwa. Lakini mlango wake una kikatio kinachozima miale ukifunguliwa, na kukichezea ili kuwahisha kazi kunatosha kukunyima ruhusa. Mashine za namna hii husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki kwa sheria ya 2003, kwa hiyo hata mkuu wa idara hawezi kukusamehe sharti la leseni.

“Usiku peke yako ndiyo saa nzuri ya kazi.”

Si kweli. Aprili 2011, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho Chuo Kikuu cha Yale alifariki nywele zake zilipokamatwa na mashine ya kukereza chuma, usiku, akiwa peke yake kwenye karakana. Baadaye chuo kikaweka saa maalumu na waangalizi. Nenda na mwenzako.

“Mkulima wa kijijini hana nafasi kwenye mashine hizo.”

Si kweli. Hahitaji kuzigusa, anahitaji sampuli yake ipokelewe, na kwa kawaida hilo hulipiwa. Kwa kusini, pa kuanza kuulizia ni Mtwara, kwenye kituo cha utafiti cha TARI Naliendele na ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Sehemu ya mkulima huanzia ghalani. Sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na kiganja kimoja cha juu kinaweza kuzikosa kabisa au kuzizoa zote. Chota kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya vizuri, kisha utoe sehemu ya kupeleka. Iweke kwenye mfuko wa karatasi au wa kitambaa, maana nailoni hufungia unyevu na kuvu itaendelea kuota njiani. Andika kijiji, tarehe ya kuchota na siku uliyovuna.