Moto Katika Mashindano ya Kasi: Dhamana ni ya Nani?

Ufikapo msimu wa kutayarisha mashamba katika Ruangwa, moshi huonekana huku na huku. Mkulima huchoma magugu yake, na mara nyingine upepo huuchukua moto ukavuka mpaka na kuila mikorosho ya jirani. Hapo huzuka ugomvi, na swali huwa lile lile: ni nani wa kulipa? Wanazuoni wa fikihi walikwisha kulijibu zamani. Aliyewasha moto katika ardhi yake siku ya utulivu, kwa kadiri ya desturi, naye akauchunga, hana dhamana ukimponyoka. Lakini aliyewasha siku ya upepo, au aliyeuacha bila mchungaji, hulipa, ingawa hakukusudia kumdhuru mtu.

Tumeanza na shamba kwa kuwa jambo tutakalo kulieleza lina hukumu iyo hiyo, ingawa sura yake ni nyingine. Vijana wetu wamependa kushindana kwa kasi. Ruangwa haina uwanja uliojengwa kwa kazi hiyo. Lakini pikipiki zimejaa, na kijana hahitaji zaidi ya njia iliyonyooka na mwenziwe wa kushindana naye. Huko Marekani mchezo huu ulipata chama chake mwaka 1951: magari mawili husimama sambamba, yakaondoka pamoja, na mshindi ni atanguliaye kumaliza robo maili, yaani kama mita 402. Huko Ghuba, Waislamu wenzetu wa Qatar, Bahrain na Kuwait wanazo njia maalumu za mchezo huo.

Hatusemi kwamba mbio zenyewe ni haramu. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi Madina, tena kwa utaratibu: farasi waliofunzwa aliwapangia masafa marefu, na wasiofunzwa aliwapangia mafupi zaidi. (Kamari inayochezwa na watazamaji ni mlango mwingine, na hukumu yake yajulikana.) Tusemayo ni kwamba anayewakusanya watu kando ya petroli amewasha moto siku ya upepo, hata kama hajawasha kiberiti.

Petroli si kama mafuta ya taa. Hutoa mvuke hata penye baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini kama maji, ukifuata mteremko, mpaka ukutane na sigara au cheche ya betri. Kisha moto hurudi kwa njia ile ile uliyopita mvuke. Kuumwagia maji ni kuueneza, kwani petroli huelea juu ya maji. Huzimwa kwa povu au unga mkavu, na ukiwa mdogo, kwa mchanga. Nguo za nailoni nazo huyeyuka zikagandamana na ngozi. Haya yote kijana anayebeba petroli katika chupa ya soda aghalabu hakufundishwa na mtu.

Nchi yetu imekwisha kuliona jambo hili kwa macho. Tarehe 10 Agosti 2019, siku za karibu na Idi, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli, wengi wao vijana wa bodaboda, na moto ukawakuta hapo hapo. Waliokufa walizidi 100. Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa wakati huo, alitangaza tume ya uchunguzi. Yale hayakuwa mashindano. Lakini petroli haiulizi watu wamekusanyikia nini.

Na katika viwanja vya mashindano vyenyewe twapata mifano miwili iliyo mbali kama usiku na mchana. Mwaka 1973, huko Zandvoort katika Uholanzi, gari la Roger Williamson lilipinduka likawaka, naye yu hai ndani yake. Dereva mwenzake, David Purley, aliliacha gari lake akaja kulisukuma peke yake. Wasimamizi waliokuwa karibu hawakuwa na mavazi ya kukinga moto, wakashindwa kusogea, na mbio zikaendelea kupita kando ya moshi. Williamson alikufa. Mwaka 2020, huko Bahrain, gari la Romain Grosjean lilikatika vipande viwili likawaka. Alikaa ndani ya moto kadiri ya sekunde 28, kisha akatoka kwa miguu yake, mikono tu ikiwa imeungua. Gari la daktari lilikuwa likiwafuata nyuma tangu mzunguko wa kwanza, na nguo aliyovaa ilifanywa kwa ajili ya saa ile.

Waandalizi wengine hudhani wamejikinga kwa kumtia mshindani sahihi katika karatasi kwamba akidhurika hatadai. Uingereza ilikwisha kuyakata haya kwa sheria ya 1977: mfanya biashara hawezi kujiondolea kwa maandishi dhamana ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Nasi twaona kuwa fikihi yaelekea huko huko. Mchezaji huridhia kuanguka, kwa kuwa kuanguka ni katika mchezo. Hakuridhia mtungi mtupu wa kuzimia moto, wala madebe ya petroli yaliyopangwa karibu na jiko la muuza chipsi. Mtazamaji, ambaye hata hakutia sahihi, ameridhia machache zaidi.

Mzazi anayeombwa ruhusa, au mwenye kiwanja anayeombwa mahali, na aulize kwanza ni nani aliyekabidhiwa mitungi, petroli ya akiba imewekwa wapi, na kama Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo simu yake ni 114, limearifiwa kabla ya siku yenyewe. Aulize pia habari ya bima, kwa kuwa hati nyingi za bima ya vyombo vya moto huyatoa nje mashindano ya kasi. Bima ikikataa, malipo humrudia mwandalizi. Naye akiwa amekwisha kufa, deni la mali ya watu iliyoungua hutolewa katika urithi kabla ya warithi kupewa mafungu yao, hata likimaliza mikorosho yote.