Kibao cha "siku bila ajali" hakisemi yote

Wengi wetu tumewahi kupokea picha ya namna hii kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kijana wetu amesimama mbele ya lango la kiwanda, kavaa kofia ngumu na buti, na nyuma yake kuna kibao kinachoonyesha siku ngapi zimepita bila mfanyakazi kuumia. Mama anamshukuru Mungu. Shangazi anaandika "Amina". Sote tunaridhika kwamba mtoto yuko mahali salama.

Makala haya ni kwa wenye ndugu wanaofanya kazi kwenye viwanda vya mafuta, gesi na kemikali, iwe ni Sohar, Jubail, Ruwais, Teesside au ukanda wa Houston, na kwa wanafunzi wanaotarajia kuingia huko. Mimi ni muuguzi, si mhandisi. Lakini mambo yakiharibika kiwandani, majeruhi huletwa kwetu, na ndiyo maana nimekuwa nikisoma taarifa za uchunguzi wa ajali hizi. Zinafundisha kwamba kibao kile huhesabu vidole vilivyokatika na miguu iliyoteguka. Hakihesabu hatari ya mtambo kulipuka.

Chakula cha mchana cha kusherehekea usalama

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, kundi la wafanyakazi wa makandarasi lilirudi kazini kutoka kwenye chakula cha mchana. Walikuwa wameandaliwa chakula hicho kusherehekea mwezi mzima bila mtu kuumia kiasi cha kukosa kazi. Waliingia kwenye ofisi zao za muda, makontena yaliyokuwa yameegeshwa ndani ya eneo la kiwanda.

Jirani yao, mtambo mmoja ulikuwa unawashwa upya baada ya matengenezo. Hakuna aliyewaambia. Katika mtambo huo kulikuwa na mnara wenye urefu wa takriban mita 52. Kwa kawaida kimiminika chake kinatakiwa kufika kama mita 2 tu kutoka chini. Siku hiyo kilimiminwa ndani kwa saa tatu hivi bila kutolewa, kikapanda hadi karibu mita 48. Kipimo kilichokuwa mbele ya mwendeshaji kilikuwa kimerekebishwa vibaya, kikamwonyesha kwamba kiwango kinashuka. King'ora cha pili cha kuonya kwamba mnara umejaa hakikulia. Baadhi ya hitilafu za vifaa hivyo zilikuwa zinajulikana kabla mtambo haujawashwa.

Mnara ulipofurika, mafuta yalikimbilia kwenye tangi la dharura na bomba lake lililofunguka moja kwa moja hewani, la muundo wa miaka ya 1950. Mafuta yakaruka juu kama chemchemi na mvuke wake ukatanda chini. Inaaminika kwamba gari la dizeli lililokuwa limeachwa likinguruma ndilo lililouwasha. Watu 15 walikufa na 180 walijeruhiwa. Wote 15 walikuwa watu wa makandarasi, waliokuwa ndani au karibu na yale makontena. Kontena la karibu zaidi lilikuwa umbali wa mita 37 tu kutoka kwenye lile tangi.

Aina mbili za usalama

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa taarifa yake mwaka 2007. Moja ya mambo iliyoyaeleza ni kwamba uongozi ulitegemea idadi ndogo ya majeruhi kama ushahidi kwamba kiwanda ni salama. Wakati huohuo bajeti ilikuwa imepunguzwa, matengenezo yalikuwa nyuma, na katika miaka kumi iliyotangulia mvuke ulikuwa umetoka kwenye lile bomba angalau mara nane. Hata hivyo, halikubadilishwa. Wahenga walishasema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa ndipo penye somo. Kuna usalama wa mtu: kofia, glavu, mikanda ya kupandia juu, sakafu isiyoteleza. Na kuna usalama wa mtambo: kuhakikisha kwamba kilichomo ndani ya matangi na mabomba kinabaki humo. Wa kwanza unaonekana kwa macho na unahesabika kila siku. Wa pili umejificha ndani ya valvu, vipimo, ratiba za matengenezo na mafunzo. Kiwanda kinaweza kufanya vizuri sana kwenye wa kwanza huku wa pili ukioza kimyakimya. Kofia ngumu haimkingi mtu na wingu la mvuke linalowaka.

Wataalamu wa usalama wa mtambo huweka vizuizi kimoja nyuma ya kingine: kipimo, king'ora, valvu ya kupunguza shinikizo, bomba la kuunguzia gesi, umbali kati ya mtambo na watu. Kikishindwa kimoja, kingine kinashika. Sisi wauguzi tunaifahamu mantiki hii. Kwenye wodi nyingi dawa hatari kama insulini huangaliwa na wauguzi wawili kabla haijamfikia mgonjwa. Hatari huanza pale wa pili anaposaini bila kuangalia. Kizuizi kinakuwa kipo kwenye karatasi tu.

Kukabidhiana zamu na uchovu

Kuna sehemu moja ya taarifa hiyo ambayo muuguzi yeyote ataielewa haraka. Makabidhiano ya zamu asubuhi ile yalikuwa hafifu. Yaliyofanyika usiku yaliandikwa kwenye daftari kwa ufupi mno, na msimamizi mmoja wa mchana alichelewa kufika, hivyo hakupokea maelezo. Baadaye aliondoka kwa dharura ya kifamilia bila mwenye uzoefu kushika nafasi yake. Mwendeshaji mmoja alisimamia mitambo mitatu kwa wakati mmoja, na baadhi yao walikuwa wamefanya kazi zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo.

Ndugu zetu wengi husifiwa kwa kuchukua kila zamu ya ziada inayotokea, na sisi tulio mbali tunazipokea pesa hizo kwa furaha. Lakini mtu wa siku ya 29 si yule wa siku ya kwanza. Anayempenda asimsukume.

Jina la kemikali ni nusu ya tiba

Ajali nyingine hutoka nje ya ukuta wa kiwanda. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, kiwanda cha dawa za kuua wadudu huko Bhopal, India, kilivujisha takriban tani 40 za gesi yenye sumu iitwayo methili isosayaneti. Mashine ya kupoza tangi ilikuwa imezimwa miezi kadhaa kabla, na bomba la kuunguzia gesi lilikuwa limefunguliwa kwa matengenezo. Maelfu ya watu walikufa. Hospitalini madaktari walipokea umati wa watu wasioona na wasioweza kupumua, bila kuelezwa ni gesi gani iliyowadhuru wala itibiwe vipi.

Kutokana na msiba huo Marekani ilipitisha mwaka 1986 sheria inayowapa raia haki ya kujua kemikali hatari zilizo jirani yao. Uingereza na Umoja wa Ulaya nazo zina kanuni zinazovilazimu viwanda vikubwa vya hatari kuwapa majirani taarifa. Ukiishi karibu na kiwanda kama hicho, tafuta taarifa hiyo. Ukiambiwa ujifungie ndani, funga madirisha, zima kiyoyozi, ziba nyufa kwa taulo zenye maji na usikilize matangazo. Mara nyingi kukimbia nje kunakuingiza kwenye wingu.

Maswali ya kumuuliza ndugu yako

Badala ya kuuliza tu "kazi inaendaje?", muulize haya:

1. Kitu gani kinachoweza kulipuka au kukusumisha hapo, na jina lake ni nani? Kila kemikali ina hati ya usalama, na sehemu ya 4 inaeleza huduma ya kwanza. Awe na picha yake kwenye simu ili atakayempokea hospitalini ajue anatibu nini.
2. Mtambo wa jirani ukiwashwa au kuzimwa, mnaambiwa? Mnaondolewa? Huo ni wakati wa hatari kuliko siku za kawaida.
3. Ofisi yenu, kantini yenu au mahali penu pa kupumzikia pako umbali gani na mtambo?
4. King'ora kikilia, unaelekea wapi? Upepo ukivuma kutoka huko, njia ya pili ni ipi?
5. Mara ya mwisho kifaa kibovu kiliporipotiwa, kilitengenezwa?

Anayefanya kazi kwa mkandarasi asidhani maswali haya ni ya wenye kiwanda peke yao. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 1992 inamtaka mwenye kiwanda awaeleze makandarasi hatari za moto, mlipuko na sumu zinazojulikana, pamoja na mpango wa dharura. Kwingine sheria hutofautiana, na kwa mwenye kibali cha kazi kinachomtegemea mwajiri, kuhoji kunaweza kutisha. Basi aanze kwa swali la kawaida kwa msimamizi wa zamu, aulize pamoja na wenzake, na aweke kumbukumbu ya tarehe na jibu alilopewa.

Wanafunzi mnaosoma uhandisi, kemia au afya ya kazi, eneo hili linahitaji watu. Kazi yenu ikienda vizuri hakuna atakayeiona, kwa sababu hakuna kitakachotokea. Na picha nyingine ya kibao ikija kwenye kundi la familia, mpongeze kijana, kisha umuulize swali la tano.