Istilahi za Ugeuzaji wa Dawa Mwilini: Mazingatio kutoka Uwanda wa Makonde

Mfasiri aliyepewa karatasi ya maelezo ya dawa ili aitie katika Kiswahili hukutana na sentensi moja ionekanayo nyepesi, nayo ni kwamba dawa hiyo "huvunjwa na ini". Huiandika hivyo akaendelea na kazi yake. Muuguzi wa zahanati huisoma hivyo, na mgonjwa huelezwa hivyo. Hapana anayeshtuka, kwa kuwa maneno yote matatu ni ya Kiswahili na kila mtu anayajua. Hata hivyo sentensi hiyo ina kasoro, na kasoro yake si ya lugha peke yake, bali yaweza kumfikisha mtu mahali pa hatari.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ambayo ini hufanya juu ya dawa, sababu inayofanya watu wawili wa nyumba moja wapewe kidonge kilekile wakapata matokeo mbalimbali, na istilahi ambazo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wanaweza kuzitumia bila ya kupotosha. Mifano yetu tumeiweka Newala na Masasi, kwa sababu wenyeji wa huko wanayo elimu ya zamani juu ya jambo hili, ingawa haikutoka katika vidonge. Imetoka katika muhogo.

Somo la Muhogo

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mama wa Newala anajua kwamba haufai kuliwa kabla ya kumenywa, kulowekwa au kukaushwa kwa siku za kutosha. Kuloweka kwahitaji maji, na maji ni adimu juu ya uwanda. Ukame ukizidi na njaa ikabisha hodi, siku za kukausha hupunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa Wilaya ya Masasi walidhurika kwa kula muhogo ambao haukutengenezwa vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu na huambatana na chakula cha namna hiyo, ulionekana katika Mkoa wa Mtwara. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ugonjwa huohuo ulikwisha kuwapata watu zaidi ya elfu moja mwaka 1981.

Linalotuhusu hapa ni yale yanayotokea baada ya sumu kidogo kuingia mwilini. Katika ini kimo kimeng'enya ambacho huichukua sianidi na kuipachika salfa. Ikishapachikwa salfa, hugeuka kuwa kitu kingine chenye madhara machache zaidi, kikatoka kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka katika vyakula vya protini, kama vile samaki na kunde. Anayekula muhogo mtupu siku nyingi huwa na kimeng'enya lakini hana salfa ya kutosha, na kwa hiyo kazi hukwama.

Msomaji atazame vizuri kitenzi tulichokitumia. Ini halikuivunja sumu ile. Limeiongezea kitu, nayo ikageuka.

Kwa Nini Kitenzi "Kuvunja" Hakifai

Ini halina njia moja kwa sumu na nyingine kwa dawa. Kila kitu kigeni kinachofika kwake hulishughulikia kwa vimeng'enya vyake, na kazi hiyo huweza kuwa ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni kuongeza. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu inayotumika tangu mwaka 1952, hubandikwa kipande kidogo na kimeng'enya cha ini ili nguvu yake iishe. Namna ya pili ni kukata au kubadili sehemu ya dawa ili isiweze kazi tena, nayo ndiyo pekee inayokaribia neno "kuvunja". Namna ya tatu ni kinyume kabisa cha matazamio ya msomaji: ini huiamsha dawa. Kodeini, ambayo hutolewa kwa maumivu na kwa kikohozi, ina nguvu ndogo inapomezwa. Sehemu yake hugeuzwa na ini kuwa mofini, na mofini hiyo ndiyo itulizayo maumivu.

Basi mfasiri akiandika kwamba kodeini "huvunjwa" upesi na ini la mtu fulani, muuguzi ataelewa kwamba mtu huyo atapata dawa haba na yafaa aongezewe. Kweli ni kwamba mtu huyo atapata mofini nyingi kwa ghafula, na akiwa mtoto mdogo pumzi zake zaweza kusimama. Ethiopia, ambako wenye ini la namna hiyo ni wengi, iliipiga marufuku kodeini mwaka 2015. Hapa neno moja lililochaguliwa bila uangalifu limetosha kumtuma muuguzi upande usio wake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kitenzi "kugeuza", na nomino yake "ugeuzaji wa dawa". Neno hili halisemi kama dawa imeongezewa, imekatwa au imeamshwa, na halisemi kama nguvu yake imezidi au imepungua. Mfasiri akitaka kutaja mojawapo, aitaje waziwazi. Neno "umetaboli" tungependa libaki kwa mageuzi yote ya mwili, pamoja na yale ya chakula, maana ni pana mno kwa karatasi ya mgonjwa. Nalo "kimeng'enya" limekwisha kuzoeleka wala hatuoni sababu ya kulibadili, ijapokuwa asili yake ni kumeng'enya chakula. Mwalimu akumbuke tu kuwaeleza wanafunzi kwamba vimeng'enya havikai tumboni peke yake.

Majina ya vimeng'enya vyenyewe, kama vile CYP2D6 na CYP3A4, ni alama za kimataifa. Tuziache kama tunavyoziacha alama za kemia. Herufi tatu za mwanzo zimetokana na saitokromu P450, jina ambalo Wajapani Tsuneo Omura na Ryo Sato walilitoa mwaka 1962 kwa sababu ya rangi inayofyonza mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 450. Binadamu ana jeni 57 za ukoo huo.

Tofauti za Jeni

Mwaka 1975, mjini London, mtaalamu Robert Smith na wenziwe walimeza dawa ya kushusha shinikizo la damu iitwayo debrisokwini ili kuichunguza. Wenziwe hawakupata la kusimulia. Yeye alianguka, shinikizo lake likashuka mno, ingawa kipimo kilikuwa kilekile. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kimeng'enya ambacho leo huitwa CYP2D6 hakikufanya kazi katika ini lake, na kwamba hali hiyo hurithiwa. Elimu ya mambo haya ilikwisha kupewa jina na Mjerumani Friedrich Vogel mwaka 1959. Sisi twaweza kuiita "jenetiki ya dawa".

Kila mtu hupokea nakala mbili za jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Nakala zikiwa nzima, ugeuzaji huwa wa kawaida. Zikiwa na hitilafu, huwa wa polepole. Wako pia waliorithi nakala za ziada, na hao hugeuza kwa kasi kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliona nakala za ziada za jeni ya CYP2D6 kwa asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa. Mwaka huohuo watafiti wa Zimbabwe walieleza namna nyingine ya jeni hiyo, iliyo nyingi Afrika, ambayo hupunguza kasi bila ya kuikomesha. Mwaka 1999 ilichapishwa habari kwamba Watanzania waliopimwa walikuwa na uwezo mdogo wa kuigeuza debrisokwini. Mwaka 2013 wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia waliotumia efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI, walilinganishwa, ikaonekana kwamba Watanzania walikuwa na dawa nyingi zaidi katika damu kwa kipimo kilekile.

Hapa twaomba uangalifu wa namna mbili. Kwanza, hesabu hizi ni za makundi, hazimsemi mtu mmoja mmoja. Katika kijiji kimoja cha Newala wamo wenye kasi zote, wala haifai kusema kwamba Wamakonde, Wayao au Wamakua "wana ini la namna fulani". Pili, tusifasiri ugeuzaji wa polepole kuwa "ini dhaifu" au "ini bovu". Ini la mtu huyo ni zima. Akisikia kwamba ini lake ni bovu ataingiwa na hofu, huenda akaacha dawa, na jirani wataanza kumdhania ulevi.

Mfano wa isoniazidi unatosha kulionyesha jambo hili. Kwa mwenye kasi kubwa, nusu ya dawa hutoweka katika damu kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu. Kwa mwenye kasi ndogo, huchukua saa mbili hadi nne. Huyu wa pili yumo katika hatari zaidi ya kupata ganzi ya miguu na mikono, nayo huzuilika kwa vitamini B6. Anahitaji vitamini, wala hahitaji kulaumiwa.

Dawa Zinapoingiliana

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na njia yake ya matibabu ya muda mfupi, iliyosimamiwa pamoja na mtaalamu Karel Styblo, ikawa mfano kwa nchi nyingine. Katika matibabu hayo imo rifampisini. Dawa hii ina tabia yake: hulifanya ini lizalishe vimeng'enya vingi zaidi, hasa CYP3A4, na dawa nyingine zinazopita njia hiyo hugeuzwa upesi kuliko zilivyokusudiwa.

Tumchukue, kwa mfano tu, mama wa Newala anayemeza rifampisini na wakati huohuo anatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Anavimeza kila siku bila ya kukosa, naye anapata mimba. Mumewe atasema hakuvimeza, na mkunga huenda akasema vivyo hivyo. Ukweli ni kwamba ini lake lilichochewa na dawa moja likaimaliza nyingine. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha jambo la jamii hiyo: kati ya wanawake 20 waliokuwa na vijiti vya uzazi wa mpango na kutumia efavirenzi, 3 walipata mimba. Kitanzi cha shaba hakitegemei ini, kwa hiyo hakidhuriki hivyo. Vilevile, mgonjwa anayetumia dolutegraviri hupewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja anapokuwa katika rifampisini.

Kwa tendo hilo la rifampisini tunapendekeza "kuchochea", kama moto unavyochochewa kwa kuongezewa kuni. Nomino iwe "uchocheaji". Tusiseme "uchochezi", maana neno hilo limekwisha kuchukuliwa na mahakama. Tendo la kinyume, yaani dawa au chakula kukifanya kimeng'enya kishindwe kazi, tuliite "uzuiaji". Balungi ni mfano ulio karibu nasi: maji yake huzuia CYP3A4 ukutani mwa utumbo, na dawa nyingine zikazidi katika damu.

Msimu wa korosho nao una somo lake. Mabibo hukamuliwa yakawa uraka, na uraka ukakenekwa ukawa nipa. Anayekunywa pombe kila siku huwa amekichochea kimeng'enya kimojawapo ambacho huigeuza sehemu ya parasetamoli kuwa kitu cha kulidhuru ini. Isoniazidi nayo hulidhuru ini la mnywaji zaidi. Onyo la "usinywe pombe" lililo katika karatasi ya dawa si la dini wala la adabu, na mfasiri asilipe sauti hiyo. Aseme sababu, na ataje uraka na nipa kwa majina, kwani wako wasiohesabu uraka kuwa pombe.

Istilahi Zinazopendekezwa

Ugeuzaji wa dawa: mabadiliko ambayo mwili, hasa ini, huyafanya juu ya dawa.

Dawa tangulizi: dawa isiyo na nguvu kamili mpaka igeuzwe mwilini.

Mgeuzaji wa polepole, wa kawaida, wa kasi: mtu kwa kadiri ya kasi ambayo kimeng'enya chake fulani hugeuza dawa. Kimeng'enya kitajwe, maana mtu aweza kuwa wa polepole kwa dawa moja na wa kasi kwa nyingine.

Uchocheaji wa kimeng'enya: kuongezeka kwa kimeng'enya kwa sababu ya dawa au kitu kingine.

Uzuiaji wa kimeng'enya: kupungua kwa kazi ya kimeng'enya kwa sababu hiyohiyo.

Mwingiliano wa dawa: dawa moja kubadili kazi ya nyingine. Neno "kugongana" lafaa katika mazungumzo, ila halitoshi, kwa kuwa huonyesha madhara tu, na mwingiliano mwingine huwa na manufaa.

Hitimisho

Kazi ya istilahi haiishi katika orodha. Neno hutoka mezani kwa mfasiri, likapita kwa mwalimu na kwa muuguzi, likafika kwa mtu asiye na njia ya kulisahihisha. Mama wetu wa muhogo hakuhitaji jina la kimeng'enya ili ajue kwamba kitu chaweza kugeuzwa kikaacha kudhuru, na kwamba haraka katika jambo hilo ina hatari zake. Tukimweleza habari za vidonge kwa neno lililo sawa na maarifa hayo, ataelewa. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi, hasa wale wanaofanya kazi katika zahanati na vituo vya afya, wanaombwa wazilete ili zijadiliwe.