Dizeli ya zamani inalia sana ikifika spidi 100? Kabla ya kubadili difu, soma hapa

Gari za zamani za dizeli zinasifika kwa kudumu. Shida huanza barabara kuu: spidi imefika 100, gia ya mwisho imeshaingia, lakini injini bado inalia kana kwamba inadai gia nyingine ambayo haipo.

Ushauri unaotolewa mara nyingi gereji ni mmoja: badilisha difu ya nyuma. Ushauri huo unaweza kukusaidia. Unaweza pia kukuachia gari isiyopanda mlima na spidomita inayodanganya.

Difu inafanya nini?

Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, ikaenda kwenye propela shafti, kisha ikaingia kwenye difu. Ndani ya difu kuna gia mbili zinazoumana: pinioni ndogo inayozungushwa na propela, na krauni kubwa inayopeleka mzunguko kwenye matairi.

Uwiano wa difu ni hesabu ya mara ngapi propela inazunguka ili tairi izunguke mara moja. Difu ya 3.69 ina maana propela inazunguka mara tatu na zaidi kidogo ya nusu kwa kila mzunguko mmoja wa tairi.

Namba ikiwa kubwa, gari inaondoka kwa nguvu na kupanda vizuri, ila injini inazunguka sana. Namba ikiwa ndogo, injini inatulia, ila nguvu inayofika kwenye tairi inapungua.

Mfano halisi: Mercedes-Benz W123

Gari hii ya miaka ya 1970 na 1980 ni mfano mzuri kwa sababu ilitoka na injini tofauti za dizeli, na kila injini ilipewa difu yake:

- 240D, silinda nne, bila turbo: difu ya 3.69
- 300D, silinda tano, bila turbo: difu ya 3.46
- 300D ya turbo iliyouzwa Marekani: difu ya 3.07

Kwa tairi ya kawaida ya inchi 14, gia ya nne, spidi 100, injini inazunguka takriban hivi kwa dakika:

- Difu ya 3.69: mara 3,150
- Difu ya 3.46: mara 2,950
- Difu ya 3.07: mara 2,620

Ukihamisha difu ya 3.07 kwenye 240D, unapunguza zaidi ya mizunguko 500 kila dakika. Kelele inashuka, na safari ndefu ya tambarare inaweza kula mafuta kidogo kuliko zamani.

Basi kwa nini kiwandani hawakufanya hivyo?

Kwa sababu 240D haina nguvu ya kutosha. Ukitoka 3.69 kwenda 3.07, nguvu ya kusukuma tairi inapungua kwa karibu asilimia 17 katika kila gia, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho.

Maana yake utaanza kuipa mafuta zaidi na kuchezesha klachi ili gari iondoke. Kwenye foleni klachi inaisha mapema. Kwenye mlima kama Kitonga, sehemu uliyokuwa unapanda kwa gia ya tatu unaweza kujikuta umerudi ya pili, nyuma ya lori.

Na jambo moja linasahaulika: kelele peke yake haimaanishi injini inaumia. Injini ya 240D hufikia nguvu zake za juu ikizunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika. Mizunguko 3,150 inachosha masikio yako kuliko inavyoichosha injini.

Spidomita itakudanganya

Gari nyingi za zamani hupima spidi kwa kebo inayotoka kwenye giaboksi, yaani kabla ya difu. Difu ikibadilika, spidomita haina habari.

Ukiweka 3.07 mahali pa 3.69 bila kurekebisha spidomita, mshale ukisoma 50 wewe uko 60. Tochi ya trafiki haitajali maelezo yako.

Hesabu ya kilomita nayo inaharibika. Ukidhani umetembea kilomita 5,000 tangu umwage oili, ukweli ni kama 6,000. Kwa hiyo bei ya difu ihesabiwe pamoja na spidomita inayoendana nayo, au marekebisho yake.

Mwenye 4x4, simama hapa

Kwenye pikapu na jipu za 4x4, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Ukibadili ya nyuma tu kisha ukaingiza 4x4 kwenye lami, matairi ya mbele na ya nyuma yanavutana, na kitakachovunjika ni gia au shafti. Badili zote mbili, au usiguse.

Ukiamua kubadili

- Nunua difu nzima, si krauni na pinioni peke yake. Kupanga meno upya kunahitaji vipimo vya nafasi ndogo sana. Yakikosewa, difu italia na kusagika.
- Usiamini maneno ya muuzaji, hesabu mwenyewe. Difu ikiwa chini, weka alama kwenye pinioni na upande mmoja wa kutokea tairi. Zuia upande wa pili, zungusha huo wenye alama mara mbili kamili, kisha hesabu pinioni imezunguka mara ngapi. Jibu ndilo uwiano wa difu ya kawaida, isiyo na loki.
- Chungulia oili yake. Ukikuta vipande vya chuma, achana nayo.
- Badili sili na weka oili mpya ya difu kabla haijafungwa, maana kuishusha tena ni gharama nyingine.

Kuna njia ya katikati?

Ipo. Kwa 240D, difu ya 3.46 inapunguza karibu mizunguko 200 na kupoteza asilimia 6 tu ya nguvu. Njia nyingine ni giaboksi ya gia tano: gia ya mwisho inatuliza injini barabarani, na difu yako ya kupandia mlima inabaki ilivyo.

Kipimo cha mwisho hakina gharama. Pita njia unayoitumia kila siku, na abiria na mizigo yako ya kawaida. Kama kwenye vilima gia ya mwisho inapanda na mguu bado una nafasi ya kukanyaga, gari inaweza kubeba difu ya namba ndogo. Kama umekanyaga mpaka chini na spidi inashuka, hela yako ibaki mfukoni.