Mhariri Ashone kwa Ruhusa ya Mwenye Nguo

Kurasa za mashairi katika magazeti yetu zina desturi moja ambayo mgeni wa fani hii huistaajabia. Mtunzi, kabla hajasema lake, humwomba mhariri ampe nafasi. Pengine ubeti mzima hutumika kubisha hodi. Hiyo ni adabu njema, lakini pia ni kukiri kwamba mwenye funguo za baraza ni mtu mmoja, na kwamba shairi halimfikii msomaji ila limepita kwanza chini ya kalamu yake.

Kalamu hiyo niliionja ningali kijana. Nilipeleka shairi katika ukurasa mmoja wa fasihi, nimelitunga kwa lahaja ya Kimvita niliyolelewa nayo. Kina changu kilikuwa "ndia", kama katika "kushindia" na "kulindia", na mshororo mmoja ukaishia kwa neno "ndia" lenyewe. Mhariri, bila shaka kwa nia njema, aliisanifisha ikawa "njia". Maana ilibaki pale pale, kina kikavunjika. Haukupita muda malenga mmoja akanijibu kwa beti saba, akiniusia nirudi chuoni nikajifunze vina kabla ya kujitia ugani. Sikuwa na pa kujitetea, kwani kosa lilikuwa chini ya jina langu. Nilikaa miaka miwili nisiandike.

Sisimulii haya kwa kinyongo. Kazi ya mhariri ni nzito: barua ni gunia, ukurasa ni mmoja. Sharti ahesabu mizani, 16 kwa kila mshororo wa tarbia iliyozoeleka, 8 kwa kila kipande. Sharti aangalie vina. Kisha ajiulize swali gumu kuliko yote: je, shairi hili lina jambo? Kwa maana utungo waweza kutimiza arudhi zote ukawa mtungi mtupu. Na panapo kosa dogo, marekebisho ni wema. Mshororo ukizidi mzani mmoja, "mtoto" hugeuzwa "mwana" ukakaa sawa, wala mtunzi hadhuriki.

Hata hivyo, kuchagua si kuhesabu tu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mashairi yake hayakufuata vina wala mizani, na mjadala uliozuka baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko uliendelea kwa miaka mingi. Mhariri aliyeshika arudhi peke yake angeyatupa yote, na fasihi yetu ingepungukiwa.

Wapo waliochagua kwa ujasiri wakalipa. Rajat Neogy aliasisi jarida la Transition mjini Kampala mwaka 1961, akalifanya uwanja wa waandishi chipukizi na wakongwe kutoka pande nyingi za Afrika. Mwaka 1968 serikali ya Milton Obote ilimtia kizuizini kwa sababu ya maandishi aliyoyachapisha ya kuikosoa katiba mpya ya Uganda. Hapa kwetu, Binyavanga Wainaina na wenzake walianzisha jarida la Kwani? mwaka 2003, wakaipa nafasi hata Sheng, ambayo wengi waliiona haifai kuingia fasihini. Mwaka huo huo hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyochapishwa humo ilishinda Tuzo ya Caine. Mlango ukifunguliwa, vipaji huingia.

Lakini anayefungua mlango asidhani kuwa nyumba yote ni yake. Huko Marekani, Gordon Lish, aliyekuwa mhariri wa hadithi katika jarida la Esquire kabla ya kuhamia shirika la uchapishaji wa vitabu, aliupunguza mswada wa Raymond Carver kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1980 Carver alimwandikia barua akimsihi asitishe uchapishaji. Kitabu kikatoka hivyo hivyo mwaka 1981, kikasifiwa mno. Hadithi zenyewe kama alivyoziandika zilichapishwa zote pamoja mwaka 2009, miaka 21 baada ya kifo chake. Wapo wasemao Lish alimjenga Carver. Huenda. Ila sifa ya watu haiponyi jeraha la mtu anayepongezwa kwa maneno ambayo si yake.

Basi tuseme nini? Mhariri ni mshoni. Nguo ikipwaya, aipunguze, ikifumuka, aishone, lakini kwanza ampime mwenyewe na amuulize. Neno la lahaja asilifute kabla ya kujua limewekwa hapo kwa nini. Na akikataa, aseme sababu, japo kwa mstari mmoja.

Mimi niliurudia utunzi kwa sababu ya mstari kama huo. Mhariri mwingine alinirudishia shairi, ameandika pembeni kwamba ubeti wa tatu unarudia yaliyokwisha kusemwa katika wa pili. Hakubadili hata herufi. Nilikasirika siku nzima. Usiku nikaona ana haki, nikaufuta. Shairi likachapishwa, na kila neno lilikuwa langu.

Mtunzi amebisha hodi kwa ubeti mzima. Hata kama hapana nafasi ndani, ungwana ni kuitikia.